Deraya ya Nyuma ya Kituo

Juzi nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji. Mbele yangu, askari mstaafu alikuwa ameegemeza viwiko vyote viwili kwenye kaunta kama mtu aliyehamia pale. Gari la deraya alilokuwa akiendesha linaoza nyuma ya kituo kimoja cha polisi huko Ngong Road, naye hataki likatwe liuzwe kama vyuma kuukuu.

"Mzee, kuku wanataga ndani ya hiyo gari," karani akamwambia.

"Kuku tutawahamisha. Mimi na wenzangu tutanyoosha ule mlango uliobonyea, tupake rangi, watu waione."

"Nani anataka kuiona?"

"Mimi," akasema mama mwenye mvi nyuma yangu. "Ilitukimbiza tukiandamana, tukiwa wanafunzi. Nikiwaambia wajukuu, wanadhani ni hadithi."

Mstaafu akamsogezea nafasi. Mama akatua mkoba wake kwenye kaunta, kando ya vile viwiko. Karani akawatazama, akaenda kumwita mkubwa wake.

Kwenye kaunta ile nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombania shamba. Mkimbizaji na mkimbizwa wakidai kitu kimoja, sikuwa nimeona.

"Lakini mlango usiunyooshe," mama akamwambia mstaafu. "Jiwe lililoubonyeza lilikuwa langu."