Mgeni Aliyejua Jina la Mtoto

Siku ya mkutano wa usalama wa mtaa wetu hapa Meru mjini nilikaa mstari wa mbele, nikiringa. Geti letu ni la chuma na ukuta una vipande vya chupa juu. Ndani nilikuwa nimemwacha binti yangu wa pili, wa miaka mitano, yule aliyepewa jina la mama yangu mzazi kama desturi inavyotaka. Alikuwa na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani humwogopa.

Ofisa wa polisi aliyekuja kutufundisha kujilinda aliuliza nani ana hakika kwamba nyumba yake iko salama. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, ambaye kwa kawaida hawezi kunyamaza, alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulikuwa tumefika kwenye habari za taa za barabarani mlango ulipofunguka. Akaingia mwanamke nisiyemjua, mwenye sweta ya buluu na kitambaa kichwani. Alikuwa amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa anakula andazi, na mtoto huyo alikuwa wangu.

Watu hudhani mama hupiga mayowe. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Binti yangu aliponiona alinipungia lile andazi.

"Huyu ni nani?" ofisa akamuuliza mtoto.

"Ni anti," akajibu.

Anti alikuwa askari asiyevaa sare. Alitueleza taratibu, bila kujisifu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama wa kibanda cha mboga alimwambia jina la mtoto, akamwonyesha geti letu, akaongeza kwamba nyanya wa pale anaumwa goti. Getini alisalimia kwa Kimeru, akampa mama mkwe pole ya goti, akakaribishwa chai. Alipomaliza kikombe alisema nimemtuma amlete mtoto. Na mwenyekiti ndiye aliyeruhusu nyumba yangu ijaribiwe. Nilimwambia mambo mbele ya watu ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii hata leo.

Nilifika nyumbani nikiwaka. Mama mkwe alikuwa anamenya nduma.

"Mtoto alikufikia?" akauliza.

Nilipomweleza, mikono yake ilisimama. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini aliyaelekeza kwangu. "Aliniita mama," akasema. "Mtu akikuita mama, utamwacha kwa geti?"

Nilitaka kugombana, kisha nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Mimi mwenyewe ni mtu wa Embu, na siku ya kwanza nilipoletwa katika nyumba hiyo nilipewa uji kabla ya kuulizwa natoka wapi.

Kuanzia siku hiyo ufunguo wa geti ulikaa kwenye pindo la leso ya mama mkwe. Mtoto naye alifundishwa maneno aliyotuachia yule askari, kwamba mtu kujua jina lako si kitu, akawa anayaimba akiruka kamba. Nilifurahi sana. Nikajisemea, sasa tumeerevuka.

Wiki kadhaa baadaye nilitoka kazini nikamkuta mama yangu amekaa kwenye jiwe nje ya geti. Alikuwa ametoka Kanja, kwetu Embu, bila kupiga simu, kama ilivyo kawaida yake. Hakuwa amekuja tangu mtoto akiwa anatambaa. Mvua ilikuwa imempiga ikaisha. Sweta yake ilikuwa imelowa chapachapa, na kuku aliyefungwa miguu alikuwa amelala kando ya ndizi. Sikuamini macho yangu. Mama mzazi wa mke, kuachwa nje kama mchuuzi.

Niligonga geti kwa ngumi. "Nani alikuja hapa?"

"Kuna mtu," mama mkwe akajibu kutoka ndani. "Anaongea Kiembu. Yule wa kwanza Kimeru yake ilikuwa poa kuliko yangu, na alikuwa mwongo. Huyu ningemwamini aje?"

"Ni mama yangu."

"Mkwe?" akamwita mama yangu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikasikia ufunguo ukigonga chuma, ukikosa tundu, ukigonga tena.

Nilimgeukia mama nikaanza kuomba msamaha kwa niaba ya nyumba nzima. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Usimgombeze mkwe wangu," akasema. "Haoni. Angejuaje?"

Akakung'uta maji kwenye sketi yake, akaichelewesha kazi hiyo kuliko ilivyohitaji.

"Lakini mtoto nilimwona hapo penye ufa wa geti. Nikamwita kwa jina langu. Akaniambia jina si kitu, akaenda kucheza."