Miradie Aliyeficha Kasi ya Vidole Vyake

Kaa vizuri, msomaji, maana hii hutaiamini. Watu huficha wizi, huficha mimba, huficha hata umri. Lakini hapa Neasden, London, yuko mama aliyeficha kasi. Mwaka mzima alijua kufanya kazi haraka, na mwaka mzima akajilazimisha kuwa goigoi.

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya juu ya ghala la lenzi za miwani, Miradie Nabintu ameketi mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Hakuna picha za kubofya. Kipanya kimesukumwa nyuma ya kikombe, kimeshika vumbi. Kazi yote ni kuandika amri: fungua oda ya duka hili, kagua namba za macho, peleka kwa mafundi wa chini.

Anaandika herufi chache za jina la faili, anagusa Tab, jina lote linajimalizia. Anashika Control na R, anaandika kipande cha amri ya jana, na amri nzima inarudi yenyewe. Kosa liko mwanzoni? Control na A, tayari yuko mwanzo wa mstari. Neno limeharibika? Control na W, limefutika.

"Mwalimu wangu wa taipu kule Bukavu angeniona, angesema niko na mapepo," anasema bila kugeuka.

Miradie alifika London mwaka 1998, akikimbia vita vya Kongo, na binti yake Chancelle mgongoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha ofisi hii hii. Siku moja alikuwa anapiga deki huku anaongea na dada yake kwa simu, mama mmoja wa Kihindi akainua kichwa na kumjibu kwa Kiswahili.

Huyo ni Vasanti, mzaliwa wa Kisumu, aliyekaa kwenye ile mashine miaka na miaka. Mwenzake wa ofisini alipoacha kazi, Vasanti ndiye aliyemwambia bosi, "Huyu mchukue. Anajua kutaipu." Kisha akakaa na Miradie wiki baada ya wiki, akamfundisha oda, amri, hata namna ya kuongea na wenye maduka wakali.

Kasi ilikuja baadaye, na fundi wa kompyuta anayeitwa Tom. Alikuja kutengeneza mashine, Miradie akaona maandishi yanaruka mbele na nyuma bila mtu kuyasukuma.

"Nikamuuliza, umefanya nini hapo? Akacheka, akanionyesha mbili tatu. Zingine nilitafuta mwenyewe," anasema. "Ila miye nilisomea taipu kwa mashine za Kifaransa. Kule A iko pahali pa Q. Kila nikitaka kurudi mwanzo wa mstari, kidole kinaenda kwa Q, hakuna kitu kinatokea. Niliteseka!"

Vidole vilipozoea, akagundua jambo la kutisha. Kazi ya kutwa ilikuwa inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Akamtazama Vasanti pembeni yake, anaandika kila amri herufi kwa herufi, akikosea anarudi nyuma kwa mshale, polepole. Nyumbani Vasanti ana mume, Pradip, aliyepooza upande mmoja. Mshahara wake ndio unaoendesha nyumba.

"Nikawaza, bosi akiona hii, atauliza kwa nini analipa watu wawili," anasema Miradie. "Na mwenye kutoka hatakuwa miye."

Basi ikawa hivi: viatu vya bosi vikisikika kwenye ngazi, vidole vya Miradie vinalegea. "Nilikuwa napiga mshale wa kushoto, tik, tik, tik, sawa mtu anatembea kwenye matope."

Mambo yalifumuka mwaka huu wa 2004, Vasanti alipoenda harusini Leicester wiki nzima. Oda zilikuwa za watu wawili, na watu wanangoja miwani yao. Miradie akaachia vidole. Mafundi wa chini wakapata kila kitu kabla ya saa saba.

Ijumaa Dhiren, mwenye kampuni, mtu aliyekulia Mombasa, akapanda ngazi na kusimama nyuma yake.

"Dada Miradie, nambie kweli. Hii kazi ni ya mtu mmoja?"

"Bosi, nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu, sawa. Lakini jua, ukisema ndiyo, nakuongeza mshahara."

Jumapili, baada ya ibada, Miradie akaenda nyumbani kwa Vasanti, aliyekuwa amesharudi kutoka harusini, akamwaga yote. Vasanti akamsikiliza huku anamimina chai.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe unafikiri mimi ni kiziwi? Mwaka mzima nasikia kibodi yako. Dhirenbhai akiwa mbali, ni mvua ya masika. Akipanda ngazi, ni bomba bovu linadondosha."

"Mama, nilikuwa nakulinda."

"Kunilinda? Nilikufundisha kila kitu najua kwa ile mashine, sikubakisha. Wewe ukapata kitu, ukakaa nacho pembeni yangu mwaka mzima. Hiyo si kulinda, beti, binti yangu. Hiyo ni kuniona nimezeeka."

"Sasa mbona haukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Kutoka kwenye kiti chake Pradip akasema, kwa ulimi mzito, "Mfundishe tu, aache kununa hapa kwangu."

Miradie anasema lile neno la Vasanti, la kuonekana amezeeka, lilimwingia. "Sababu lilikuwa kweli. Sikuwahi hata kumjaribu."

Jumatatu waliingia ofisini mapema. Vasanti akabonyeza Control na U, mstari mzima ukapotea, akatukana kwa Kijaluo. Akarudia. Dhiren alipofika akawakuta wameinama juu ya kibodi moja. Kabla hajafungua mdomo, Vasanti akaanza.

"Ndiyo, Dhirenbhai. Ni kazi ya mtu mmoja. Na mtu huyo anaweza kuwa mimi, nipe wiki mbili."

Dhiren akamtazama huyu, akamtazama yule. "Sasa nimwondoe nani, Vasantiben?"

"Hilo ni lako. Usimbebeshe huyu."

Miradie akasema, "Bosi, gawa siku. Yeye tatu, miye tatu."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Dhiren aliwaongeza kidogo, wakafika pauni saba kwa saa, lakini siku tatu hazijazi kapu. Siku nyingine Miradie anaogesha na kulisha wazee huko Barking, na mgongo unamuuma. Vasanti naye ameshika kasi, tena amegundua njia moja ya mkato ambayo Miradie haijui. Akiombwa aionyeshe, anajibu, "Ngoja mwaka mmoja."

Miradie anapanga kuanza chuo cha jioni mwezi wa tisa, asomee kutunza mashine zenyewe, awe mtu wa kuitwa zikiharibika.

Chancelle, ambaye sasa ana miaka minane, bado hajamwelewa mama yake. Anasikia Kiswahili chote, anajibu kwa Kiingereza: "Mum, you should have just said yes." Yaani, mama ungesema ndiyo tu, yaishe.

"Labda," anasema Miradie. "Siku kodi ya nyumba inafika, na miye huwa nasema hivyo."

Na wewe, msomaji? Bosi amesimama nyuma yako na nyongeza mkononi, na kiti cha pembeni kiko tupu kwa sababu mwenyewe yuko harusini. Ungemjibu nini?