Ukuta Uliompa Mama Joto

Siku niliyomshukuru Mungu kwa hatari naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilipiga magoti kabisa.

Nilikuwa msichana. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, nasi tuliishi katika chumba cha kupanga kule Nyalenda, hapa Kisumu, chenye kuta za fito na udongo zilizopigwa plasta. Kila alfajiri nilikwenda ufuoni Dunga kuchukua samaki, nikawauza mjini, kisha nikarudi kumwogesha Mama, kumgeuza na kumlisha. Nilichoka uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi. Leo magoti yananiuma na macho yamefifia, lakini sijachoka tena kama wakati ule.

Tulikuwa na jiko la umeme la koili, ule waya uliosokotwa unaowaka mwekundu. Siku moja koili ikakatika. Nikaondoa kipande kilichoungua, nikazivuta ncha na kuziunganisha. Ajabu, maji yakachemka upesi kuliko zamani! Ilipokatika tena nikaifupisha tena, na maji yakazidi kuwahi. Ndipo nilipopiga magoti, nikaamini Mungu amemhurumia mchovu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mimi nilikuwa mchukuzi, na sikuuliza kinachovuja ni nini.

Mama naye alipata furaha yake. Alasiri moja Mwalimu Okumu, mzee wa kanisa letu aliyefundisha fizikia shuleni, alikuja kumwombea. Nilikuwa nimekwisha kuinjika maji ya kuoga.

"Mwalimu," Mama akasema, "hii ukuta iko na dawa. Inanikanda mgongo kuliko huyu mtoto."

"Ukuta gani, Mama?"

"Hii ya nyuma yangu. Weka mkono, haiumi."

Mwalimu akaweka mkono. Aliuacha pale kidogo, uso ukabadilika.

"Binti yangu, chomoa jiko. Sasa hivi."

Akaomba kisu, akakwangua plasta nyuma ya kitanda. Waya uliopeleka umeme kwenye jiko ulikuwa umepita mle ndani, waya mwembamba wa taa. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka, na ufito uliougusa umekuwa mweusi kama mkaa. Mama hakuweza kujiinua kitandani peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Chetu kilikuwa mgongoni mwa Mama, naye akikisifu.

Kesho yake Mwalimu alirudi na waya mnene, koili mpya na mita ya shule ya kupimia umeme. Alipokwisha kubadilisha waya, akaniketisha chini kama mwanafunzi.

"Umeme wa hapa ni volti mia mbili na arobaini. Koili mpya inavuta ampea nne. Gawanya volti kwa ampea."

"Sitini," nikasema.

"Hizo ni omu sitini. Ndio ukinzani wake, jinsi koili inavyouzuia umeme usipite ovyo. Sasa hii yako uliyoikata inavuta ampea nane."

Nikagawanya. Thelathini.

"Umeona? Umetupa nusu ya kizuizi. Sasa zidisha volti kwa ampea, upate nguvu."

Koili mpya ilikuwa wati mia tisa na sitini. Yangu ilikuwa elfu moja mia tisa na ishirini. Ndiyo maana maji yaliwahi, nami nikamweleza nilivyopiga magoti kushukuru.

"Na zile ampea nane zote zilipita nyuma ya mgongo wa mama yako," akasema. "Mkondo ukiwa maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne. Binti yangu, ulimshukuru Mungu kwa maji. Ungemwuliza kwanza moto unatoka wapi."

Hakupaza sauti. Lau angepaza, ningelia nisinyamaze.

Mama akaguna kutoka kitandani. "Kwa hiyo mmeninyang'anya daktari wangu."

Mwalimu akacheka hadi akafuta macho. Jumapili mkewe alituletea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, Mama akaiweka mgongoni na kusema haiufikii ukuta kwa joto.

Koili mpya ilikuwa ya polepole. Sufuria ikikaa jikoni, sikuwa na la kufanya ila kukaa ukingoni mwa kitanda na kungoja. Katika kungoja kule Mama alinisimulia utoto wake Port Victoria, jinsi Baba alivyomposa, na watoto aliowazika kabla yangu. Hakuishi kuziona mvua za mwaka uliofuata. Yote ninayoyajua juu yake niliyapata maji yakikawia kuchemka.

Basi mwanangu, unayejifunza umeme chuoni na kulalamika kwamba hesabu hizi zinachosha, sikia. Volti ukizigawanya kwa ampea utajua kinachozuia. Ukizizidisha utajua nguvu inayotumika. Fanya hesabu hiyo hata ukiwa umechoka, na hasa ukiwa umechoka, maana mchovu hupenda kila kilicho rahisi. Kazi ikiwa nyepesi ghafla, usikimbilie kushangilia. Uliza kimepunguzwa nini, na nani amelala karibu na waya. Na kama ni lazima kungoja, ngoja ukiwa karibu na mtu.

Mungu aliyetulinda mimi na Mama kabla hatujajua kuomba ulinzi akulinde nawe. Aitie mikono yako uangalifu, nyumba utakazozitia umeme zilale salama, na siku utakapochoka, akupe mtu wa kuweka mkono ukutani kwa ajili yako. Amina.