Mifupa Iliyopandishwa Kutoka Kahe

Wakuu, mwaka 1927 kule Kirua Vunjo, mama mfiwa alisimamisha mazishi ya mwanawe.

Padri ameshafungua kitabu, jeneza liko ukingoni mwa kaburi. Bibi Salvina akanyoosha mkono.

"Baba Padri, naomba usubiri. Abasi aombe kwanza."

Abasi ni nani? Fundi cherehani kutoka mjini Moshi, Mwislamu. Mkatoliki anazikwa, anasomewa Fatiha! Watu wakaanza kunong'ona kwamba uchungu umempanda mama kichwani.

Sipigi fiksi. Salvina ndiye mama wa babu yangu Kornel, na alimweleza babu kisa chote kabla hajafariki.

Primus, kaka yake babu, alikuwa askari wa Mjerumani. Akauawa Kahe mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wanaingia. Abasi, mwenzake wa kikosi kimoja, alimfukia porini mbiombio risasi zikilia.

Kahe yenyewe unaiona kule chini ukisimama kwenye migomba yetu. Yaani mwanao amelala mahali unapopaona kila siku, na huwezi kumfikia. Inauma, jamani.

Kwetu mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la baba yake. Salvina akagoma matanga.

"Nitamliliaje mtu ambaye hajafika nyumbani?"

Miaka kumi na moja. Kila Abasi alipopanda kumjulia hali, swali lilikuwa lilelile: "Mwanangu utaniletea lini?"

Mwishowe Abasi akapata kibali bomani, akashuka Kahe na jembe. Mzee Thadeus, shemeji yake Salvina, akampokea Himo, wakapandisha pamoja mzigo uliofungwa shuka jeupe. Nyumbani mbege, pombe yetu ya ndizi, iko tayari, ukoo umejaa uani.

Salvina akaomba abaki ndani na mwanawe, yeye na Abasi tu.

Akafungua shuka. Akalipapasa fuvu taratibu, akiliongelesha Kichagga kama anayebembeleza mtoto. Kidole kikafika kwenye taya la chini, kikasimama.

Meno yote yapo.

Primus aling'olewa meno mawili ya chini akiwa mdogo, kabla ya ubatizo, kama watoto wengi wa Kichagga wa enzi hizo.

"Abasi. Huyu ni nani?"

Abasi akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilifukia wawili, Primus na Mnyamwezi mmoja, Ramadhani. Nimekuta kaburi moja tu, lingine mto umelibeba. Nikamwomba Mungu huyu awe wako."

Salvina akalia. Alilia kilio cha miaka kumi na moja, na huko nje watu wakasema, haya, sasa mama amempokea mwanawe. Kumbe ndiyo kwanza anampoteza.

Alipotulia akauliza, "Mama yake Ramadhani yuko wapi?"

"Tabora. Jina lake silijui."

"Naye anangoja kama mimi." Akaanza kulifunga shuka. "Nikisema, ukoo watakataa mgeni asilale kihambani. Mimi simrudishi porini mtoto wa mtu. Ninyi maiti mnamlazaje?"

"Tunamwelekeza kibla, mama. Kwa hapa ni kulekule mlimani."

"Basi sawa. Sisi nasi tunamwelekeza Kibo."

Ndiyo maana Abasi aliomba kwanza. Padri naye, Mungu ambariki, alisubiri, akidhani ni rafiki anamuaga rafiki.

Alasiri watu walipotawanyika, mzee Thadeus akabaki kaburini. Huyu mzee alikuwa mkali, mambo ya ukoo hakuwa na mchezo nayo. Salvina akaona dhamiri inamsuta.

"Shemeji, nina neno kuhusu Primus."

"Usiniambie, Mama Primus. Meno niliyaona tukiwa Himo."

Salvina akamgeukia. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani wewe hutayaona. Nilitaka umzike, upumzike."

Kumbe kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake! Wakakaa palepale chini, shemeji na shemeji, wakamlilia upya Primus, maana sasa walijua hatarudi tena.

Ndugu zangu, mtoto wa mwenzio akiangukia mikononi mwako, mzike kama wako. Salvina alikufa akiamini kwamba huko mto ulikomfikisha Primus, kuna mama wa watu aliyemwokota na kumfukia bila kuuliza ni wa nani.