Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa kuwa futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni, hata akienda hospitali. Alishona sare za shule miaka arobaini. Akikuambia njoo Alhamisi, Alhamisi sare unaikuta imepigwa pasi.

Moyo ulipoanza kumsumbua, hospitali ilimwingiza kwenye utafiti. Wagonjwa waligawanywa mafungu mawili, hawa dawa ya zamani, hawa mpya, ionekane akina nani wanapata nafuu zaidi. Yeye akaangukia kwenye mpya. Kila mwezi alirudisha chupa, na muuguzi wa utafiti akaikuta tupu.

"Bibi, wote wangekuwa kama wewe ningenenepa kwa raha."

"Mimi nikikubali jambo, nimekubali," alijibu Bi Futi, akaenda zake.

Mwezi wa tisa wa utafiti akafariki, amekaa kitini.

Wiki ya pili baada ya mazishi, shati la mumewe lilikatika kifungo. Mzee akashusha kopo la vifungo, akalimwaga mezani. Katikati ya vifungo kulikuwa na vidonge vyeupe. Vingi. Alivitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akarudisha kila kitu koponi, na shati akalivaa hivyo hivyo, kifua wazi.

Siku tatu baadaye muuguzi alikuja na fomu ya mwisho.

"Pole tena, baba. Limebaki swali moja. Marehemu alikuwa anameza dawa kila siku?"

"Chupa si ulikuwa unaziona?"

"Tupu, ndiyo."

"Basi."

Muuguzi akashika kalamu, asiandike. "Nikisema alimeza zote, itahesabiwa kwamba dawa haikumfaa. Inaweza kuwaharibia wengine."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita mkewe mwongo. Wa kwanza angekuwa yeye, mumewe.

Mzee akainuka, akaleta kopo.

Muuguzi alichambua kimoja kimoja. Sitini na kimoja.

"Kwa nini, baba?"

"Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikadhani uzee. Lakini siku za kushona ilitulia. Nimekuja kuelewa juzi."

"Kila mwezi nilimuuliza kama dawa inamsumbua. Akasema haina neno."

"Ungemwambia aache cherehani."

"Ningemwambia."

"Ndiyo hivyo."

"Ila hakuna mwingine aliyelalamikia mikono."

"Hao wengine wanashona?"

"Sijawahi kuwauliza."

Akaandika pembeni mwa fomu, mistari mitatu, kisha akamsomea: mgonjwa aliruka dawa siku za kazi, kwa sababu ilimtetemesha mikono, wengine waulizwe. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Neno uongo halikuwamo. Akaitikia kwa kichwa.

Muuguzi akaanza kutia vidonge kwenye bahasha, akaokota na kimoja chenye matundu manne.

"Hicho kiache," alisema mzee. "Hicho ni kifungo changu."