Sala ya Risasi Isiyolia

Ludvík Hanzelka, msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha hapa Moravia, alikuwa mtu wa kuudhi, na sitampamba kwa sababu tu sasa anahurumiwa. Ukifyatua bastola ikasema "ka" bila kulia, ilikubidi uielekeze kwenye tuta la udongo na usimame kama mlingoti, huku yeye akisali Baba Yetu kwa sauti mpaka amina. Ndipo alipokuruhusu kukoki, yaani kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, na kuitoa ile risasi. Risasi ndogo, alisema, baruti yake ya kuwashia imo kwenye ukingo wa kitako. Isipoenea vizuri huchelewa kushika moto, na ikichelewa mpaka umeshafungua chemba inamokaa, inakulipukia usoni.

"Mzee, mpaka ufike kwenye mkate wa kila siku tutakuwa tumeshakufa njaa," nilimwambia siku moja.

"Kufa. Lakini tutakuzika na macho yako yote."

Mkewe, Jarmila, alitushinda sote kwa shabaha. Baridi yabisi ilipomvimbisha viganja hakuliweza tena teke la bastola kubwa, basi Ludvík akamnunulia sehemu ya kubadilishia. Unaivua sehemu ya juu ya bastola pamoja na mtutu, unapachika hiyo nyingine, na bastola ileile inakula risasi ndogo za bei rahisi zisizopiga teke. Wakati wa joto haikuwa na neno. Baridi ikiingia, nta iliyopakwa kwenye risasi iliganda ndani, ile sehemu ikawa nzito kurudi mahali pake, na "ka" zikawa nyingi. Tukamtania Jarmila kwamba ameolewa na padri na sasa amenunua rozari.

Yeye alicheka tu. Alikuwa akipamba mayai ya Pasaka kwa kichwa cha pini kilichochovywa kwenye nta, nukta moja moja, na mtu wa kazi hiyo hasumbuliwi na kungoja. Kijiji kizima kilitaka mayai yake.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwezi wa Novemba, huwa tunashindania bata bukini: risasi tano, na saa haisimami kwa ajili ya mtu. Mwaka ule baridi ilikata masikio. Miwani ya kukinga macho ilimwingia Jarmila ukungu, akaipandisha kwenye paji la uso. Ludvík aliona. Hata sisi tuliona. Risasi tatu za kwanza ziliingia katikati kabisa, na wanaume wakaanza kukohoa kwa wivu. Ya nne ikasema "ka".

Jarmila akaielekeza bastola kwenye tuta, akangoja sala. Ludvík akaitazama saa. Alijua viganja vile havitamfikisha mwaka mwingine, na alitaka amwone akishinda mara hii ya mwisho.

"Koki, mama."

"Na sala je?"

"Koki tu, muda unaisha."

Akakoki. Risasi ikalia ikiwa nusu nje, ganda la shaba likapasuka, na kipande kikaingia kwenye jicho la kulia. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hakumkinga hata mkewe. Hasira yangu haijaisha mpaka leo. Kwa bata! Hata hakuliwa, alibaki amefungwa miguu kwenye kreti, akipiga kelele, na hakuna aliyekumbuka kumnyamazisha.

Kwaresima nilikwenda kwao na chupa ya pombe ya plamu. Nilimkuta Jarmila mezani, pini mkononi. Nilidhani jicho moja linatosha kwa yai. Halitoshi. Mtu wa jicho moja hajui kitu kiko mbali kiasi gani: pini ilidonoa hewa, ikadonoa tena hewa, kisha ikatoboa ganda. Sahani ilikuwa imejaa mayai yaliyopasuka.

Basi Ludvík akalishika jipya kwa mikono miwili na kumsogezea pole pole, midomo ikimcheza bila sauti.

"Limefika?" akauliza Jarmila.

"Bado kidogo."

Pini ikagusa. Nukta ikapinda, ikawa mstari. Jarmila akaipangusa kwa kidole gumba.

"Acha kusali, Ludvík," akasema bila kuinua kichwa. "Yai linatikisika."