Ujumbe Uliokatwa Jina

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijapata kuona haya kwa hilo. Muuza samaki akinichekea sana, namfunua samaki mashavu mara mbili. Mtu akinisifia gauni, najiuliza ana shida gani. Mume wangu husema nikifika peponi nitaomba kwanza nioneshwe vyoo. Aseme atakavyo. Miaka yote niliyoishi Dubai ushuku huu ndio ulionilinda, au ndivyo nilivyoamini.

Haukuja bure. Nilipokuwa msichana chuoni, hapa hapa Dubai, nilikuwa na mashoga watatu wa Kiarabu. Rangi yangu ni maji ya kunde, Kiarabu changu hakina kasoro, na abaya ni abaya. Hakuna aliyeniuliza asili. Siku moja mama akaja kunichukua. Mama ni mweusi, na aliniita kwa Kiswahili kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa sauti ya mtu aliyekulia Unguja. Kesho yake shoga yangu mmoja akaniuliza, huku anacheka, bibi yangu alinunuliwa soko gani. Wale wawili nao wakacheka. Tangu siku hiyo sisemi Kiswahili mbele ya watu wa kazini.

Kwa hiyo katika chuo binafsi ambako nimekuwa karani wa usajili miaka tisa, wote walinijua kuwa Mwarabu wa namna fulani, basi. Mmoja tu ndiye aliyejua zaidi: mlinzi wa getini, Mganda, mtu mzima wa makamo, Muislamu mwenye adabu zake. Alinisikia nazungumza na mama kwenye simu, akacheka kimya kimya, na hakumwambia mtu. Mbele za watu aliniita madam. Tukiwa wawili aliniita dada.

Geti lile lilikuwa moja kwa chuo na kwa fleti za walimu, kule Al Jaddaf. Katika fleti zile aliishi mwalimu wa hesabu, mzee wa Kizungu kutoka Afrika Kusini, mpole, kofia haimtoki kichwani. Ofisi yake na yangu zilikuwa korido moja. Kwenye sherehe za chuo alikuja, akasimama, akanywa maji, akaondoka. Mtu asiyekula kwa watu mimi simwelewi, na nisichokielewa nakitilia shaka.

Ramadhani moja niliwapelekea walimu wa korido yetu sambusa za nyama, kila mmoja sahani yake imefunikwa, wakale nyumbani magharibi. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Kesho yake sahani ikarudi imeoshwa, na juu yake pakiti ya tende. Kwetu sahani hairudi tupu, kwa hiyo niliridhika; nikasema moyoni, huyu kumbe mtu. Jioni napita getini, mlinzi ananishukuru.

"Dada, sambusa yako tamu sana. Mzee alinipa yote. Nimefuturia hiyo, mimi na mwenzangu."

Ningepaswa kufurahi. Chakula changu kilimfuturisha mtu aliyefunga, nami nikapata thawabu bila kutafuta. Badala yake nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Mkono wangu una nini? Nikasimama pale na kuanza kumchimba mlinzi, kidogo kidogo, kwa upole, kama ninavyojua kuchimba.

"Kwani yule mzee hali nyama?"

"Anakula, dada. Lakini yake inakuja na gari, kwa boksi."

"Na kwenda matembezi haendi? Siku za mapumziko huwa wapi?"

"Yuko tu. Jumamosi ule mzee hagusi lifti. Anapanda ngazi mpaka juu, na goti inamuuma. Simu nayo anazima toka Ijumaa jioni. Mimi nikajua ni mazoezi."

Alinieleza hayo huku anacheka, kama mtu anavyosimulia vituko vya jirani anayempenda. Mimi sikucheka. Nilifika nyumbani Al Twar nimeshaunganisha kila kitu: nyama ya kwao wenyewe, na lifti na simu zisizoguswa siku ya Sabato.

Siku hizo habari za Gaza zilikuwa kwenye kila simu. Nilikuwa nawatazama watoto wale kabla ya daku na baada ya daku, na moyo ulikuwa umejaa. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Nilichofanya ni kuutafutia mtu wa karibu wa kumtwika, na mtu wa karibu alikuwa mzee mwenye goti bovu. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kikundi cha wanawake wa kwetu, ambacho kazi yake ni kutangaza harusi, hitima na kanga mpya. Niliandika: "Jamani, yule mwalimu wa hesabu hapa kazini kwangu ni Myahudi. Chakula chetu hakigusi, Jumamosi hapandi lifti. Wenye watoto pale mjue."

Zikamiminika audhubillahi. Mmoja tu aliuliza, "Kwani amefanya nini?" Hakuna aliyemjibu, na mimi nikamshuku yeye pia.

Jirani yangu mmoja ana binti anayesoma pale chuoni. Binti aliupiga picha ujumbe wangu kwenye simu ya mama yake, akautafsiri, akawapelekea wenzake. Kabla ya kuupeleka alilikata jina langu. Hakulikata kwa ujanja, bali kwa malezi mema: mimi ni shangazi, nimembeba mgongoni, na shangazi anasitiriwa. Ndivyo tulivyomfundisha.

Wiki haikwisha. Viti vya mbele katika darasa la mzee vikawa vitupu. Wanafunzi wakawa wanafuta kwa tishu kiti alichokalia darasani. Asubuhi moja nilimkuta mbele ya mlango wa ofisi yake, anasugua kwa leso yake mwenyewe. Mtu alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu uso wenye pua kubwa na chini yake tusi. Nilipita nyuma yake, nikasema sabahul kheri. Akageuka, akanijibu, akaendelea kusugua. Nilijifungia ofisini kwangu na nilikuwa na hofu, lakini nasema kweli, siku hiyo hofu yangu ilikuwa ya kujulikana tu.

Wakubwa hawakumtafuta aliyechora. Watoto wa chuo wana wazazi, na wazazi wana simu. Walitafuta aliyeanzisha maneno. Picha ya ujumbe ikafika mezani kwa mkuu wa utawala, mtu akamwambia lugha hii ni Kiswahili, lugha ya Waafrika, naye hakuwa na haja ya kufikiri zaidi. Mwafrika aliyemwona kila siku alikuwa mmoja.

Nikaitwa nije na kompyuta kuandika barua. Mlinzi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi, na msimamizi wa kampuni yake ya ulinzi kando. Barua ilikuwa ya kupelekwa kwa kampuni hiyo: chuo hakimtaki tena, kwa sababu ya kuchochea chuki. Kwa barua ya namna hiyo viza hufutwa. Nilijua ana watoto watatu wanaosoma Kampala, kwa sababu alikuwa akinionesha matokeo yao ya mitihani.

"Lugha ni yake, habari za lifti anazijua yeye," mkuu aliniambia kwa Kiarabu. "Khalas, basi. Andika."

"Sir, mimi sijaandika," mlinzi alisema. Alisema mara moja tu. Macho aliyaweka chini, hakunitazama hata kidogo, na nilielewa kwa nini: aliogopa akinitazama atakuwa amenitaja.

Nikaanza kuandika. Sijivunii. Nilijiambia nitamsaidia pembeni, nitamtafutia kazi kwa watu wetu. Nikafika mahali pa jina, ikabidi nilisome kwenye kitambulisho chake. Miaka minne ananiita dada, na jina lake nalikuta kwenye karatasi ya kumfukuzia. Nikaiacha kompyuta.

"Kaka," nikasema kwa Kiswahili, mbele yao wote, "mie ndiye niliyeandika. Wewe wajua."

"Najua, dada," akasema taratibu. "Lakini ya ngazi nilikuambia mimi."

Nikageuka kwa mkuu nikarudia kwa Kiarabu. Alicheka kwanza. "Wewe? Unaijua lugha yao?"

"Ni lugha ya mama yangu."

Akanitazama upya, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nilimwona anasahihisha hesabu aliyoishi nayo miaka tisa. Hakuniuliza kwa nini nilimfanyia mzee vile. Aliniuliza asili yangu hasa ni wapi.

Mimi nilipewa onyo la mdomo. Mambo ya wanawake na simu zao, alisema. Mlinzi aliondolewa vilevile, eti kwa ajili ya utulivu. Neno la kuchochea lilifutwa, viza haikufutwa. Kampuni ikampeleka Al Quoz kulinda ghala, na ikamwambia mkataba ukiisha hautarudiwa.

Kwa mzee nilikwenda mikono mitupu. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli, mimi ni Myahudi," akasema. "Miaka miwili tuko korido moja. Ungeniuliza ningekuambia." Kisha akauliza kama mlinzi amerudishwa. Nikasema hapana. Akarudi kwenye karatasi zake za kusahihisha, na muhula ulipoisha akaondoka nchini.

Nilimpigia mlinzi Ijumaa moja baada ya sala. Niliogopa kuanza na msamaha, kwa hiyo nilianza na salamu, kama mtu yeyote wa kwetu. Hujambo, watoto hawajambo, kazi vipi huko? Na wenzio mnaolala chumba kimoja, watu wa wapi, wazuri?

Nikasikia basi la kampuni likinguruma karibu naye.

"Dada," akasema, "sasa unataka nikuambie habari ya nani?"

Akangoja nijibu, kwa adabu yake ileile, mpaka nikakata simu mimi.